Tuondoke Lini? Misimu, Baiskeli na Barabara za Ziwa Kivu

Mwezi wa Februari mwaka 2024 rafiki yangu wa Bukavu, ambaye tunasoma naye Kiswahili chuoni, alinijia akiwa na ramani aliyoichora kwenye karatasi ya daftari. Kwao baiskeli huitwa kinga, kwetu Rwanda huitwa igare, na darasani sote tunaandika baiskeli. "Ndugu yangu," akaniambia, "kinga yangu iko tayari. Tunaondoka lini?"

Njia aliyoichora ni ile inayofuata mwambao wa Ziwa Kivu kutoka Rubavu, kaskazini, hadi Rusizi, kusini. Watalii huiita Congo Nile Trail, na urefu wake ni kilomita 227. Anayetembea kwa miguu huimaliza kwa siku 10 hivi, na mwenye baiskeli kwa siku 5. Tulikuwa na baiskeli mbili za mtumba, pampu moja, na likizo mbili za kuchagua: likizo fupi ya Aprili, au ile ya baada ya mitihani, mwezi wa Juni.

Nilidhani kwamba swali lake ni la kujibiwa kwa dakika tano. Lilinichukua wiki kadhaa. Lilinirudisha nyuma miaka mia moja, kisha likanifikisha nyumbani kwetu, kwenye jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amenieleza waziwazi. Ndiyo sababu naandika insha ya historia kuhusu kitu kidogo kama likizo ya baiskeli.

Kwanza nieleze misimu yetu. Mwaka wa Rwanda una misimu minne, na kila mmoja una jina lake. Urugaryi ni kiangazi kifupi, kuanzia mwisho wa Desemba hadi Februari. Itumba ni msimu wa mvua kubwa, kuanzia Machi hadi Mei. Icyi ni kiangazi kirefu, kuanzia Juni hadi mwanzo wa Septemba. Umuhindo ni msimu wa mvua ndogo, kuanzia katikati ya Septemba hadi Desemba. Msomaji wa pwani ataona humo masika na vuli zake, kwa kuwa asili yake ni moja: jua linapovuka ikweta mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, ukanda wa mvua hulifuata.

Tofauti ni milima. Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na upande wake wa mashariki ardhi inapanda ghafla. Hewa yenye unyevu inaposukumwa juu ya milima hiyo hupoa na kumwaga maji. Kwa hiyo magharibi mwa Rwanda hupata mvua nyingi kuliko mashariki, na hata wakati wa kiangazi unaweza kuamka na anga safi, ukala chakula cha mchana chini ya wingu jeusi. Huku majina ya misimu yanakuambia utegemee nini kwa mwezi mzima. Hayakuambii lolote kuhusu saa nane ya leo.

Kwa sababu hiyo watu wa zamani walitafuta mtu wa kumwuliza. Kusini kabisa mwa njia yetu, katika eneo ambalo leo ni Rusizi, palikuwa na falme mbili ndogo, Bukunzi na Busozo. Mfalme wa Bukunzi alisifika kwa kuleta mvua, na hata ikulu ya mfalme wa Rwanda, iliyokuwa na nguvu kuliko yeye mara nyingi, iliheshimu uwezo wake huo. Mfalme aliyeitwa Ndagano alifariki mwaka 1923. Utawala wa Ubelgiji haukutaka mfalme mwingine wa mvua asiyelipa kodi wala kutii amri. Ukapeleka askari, na kufikia mwaka 1925 ufalme wa Bukunzi ulikuwa umekwisha. Busozo ukafuata mwaka 1926. Katika mwaka huohuo wa 1925 Wabelgiji waliikomesha pia sherehe ya Umuganura, ambapo mfalme wa Rwanda alionja mavuno ya kwanza mbele ya watu wake. Sherehe hiyo imerejeshwa katika zama zetu na husherehekewa Ijumaa ya kwanza ya Agosti.

Niliposoma habari hizo niliona kwamba kuuliza "msimu gani ni mzuri" hakujawahi kuwa swali la hali ya hewa peke yake. Aliyekuwa na haki ya kutaja wakati wa kupanda, wa kuvuna na wa kusafiri alikuwa na mamlaka. Ndiyo maana wakoloni, waliokuja na vipimo vyao vya mvua na kalenda zao za kodi, hawakuwaacha waganga wa mvua waendelee na kazi yao.

Sisi hatukuwa na mfalme wa kumwuliza. Tulikuwa na bibi yangu, anayeishi Rutsiro, kwenye vilima vilivyo juu ya ziwa. Nilimpigia simu, nikamwambia kwamba tunataka kupita kwake mwezi wa Aprili.

"Hapana, mjukuu wangu," akasema. "Aprili si mwezi wa kutembea."

Nilimwambia kwamba tutavaa makoti ya mvua. Akarudia maneno yaleyale, kisha akaniuliza habari za mitihani.

Rafiki yangu alipendelea Aprili. Alisema mvua ni maji tu, nyumba za wageni zina nafasi, na joto ni dogo. Nami, kwa kuwa ni mwanafunzi anayependa kushinda mabishano, nikaamua kumtafutia Bibi ushahidi. Nikaenda kwenye historia ya mbio za Tour du Rwanda, nikifikiri kwamba waandaaji wa mbio hizo lazima wawe wamekwisha kulijibu swali letu.

Mbio hizo zilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1988. Vita na mauaji ya kimbari vilizikatiza, zikarudi baadaye, na mwaka 2009 zikaingia katika kalenda ya shirikisho la kimataifa la baiskeli. Tangu mwaka huo hadi 2017 zilifanyika Novemba, yaani katikati ya umuhindo. Mwaka 2018 zilifanyika Agosti, katika icyi. Mwaka 2019 zilipanda daraja na kuhamishiwa mwisho wa Februari, pale urugaryi unapoisha. Mwaka 2021, kwa sababu ya janga la Korona, zilisogezwa hadi tarehe 2 hadi 9 Mei, ndani ya itumba kabisa. Kwa maneno mengine, katika muda wa miaka mitano mashindano yaleyale, juu ya milima ileile, yalikuwa yamepita katika misimu yote minne!

Nilifurahi sana. Nilitaka kumpigia Bibi palepale nimwambie kwamba kama watu wanashindana kwa baiskeli mwezi wa Mei, sisi tunashindwaje kutalii Aprili? Lakini nilipotulia niliona kwamba ushahidi wangu hauthibitishi nilichotaka. Waendeshaji wa mbio hupita kwenye lami. Nyuma yao kuna magari yenye mafundi, magurudumu ya akiba na madaktari. Tena kalenda yao haichorwi na mawingu peke yake: mwezi wa Novemba waendeshaji wengi wa Ulaya wako mapumzikoni, na mwezi wa Februari ndipo wanapotafuta mashindano ya kuanzia mwaka. Waandaaji huchagua wakati ambao watu wanapatikana, kisha wanaomba mvua iwahurumie. Na si kila mara inawahurumia. Tarehe 2 Machi 2025, mwaka mmoja baada ya ubishi wetu, hatua ya mwisho ya mbio hizo mjini Kigali ilikatizwa kwa sababu ya mvua kubwa, barabara zikiwa hatari, na mshindi akatangazwa bila hatua hiyo kukamilika.

Aliyenifundisha zaidi kuhusu itumba ni shangazi yangu. Nyumba yake ilikuwa Rubavu, karibu na mto Sebeya. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Mei mwaka 2023 mvua ilinyesha milimani bila kupumzika. Mto ulifurika, na katika wilaya nyingi za magharibi na kaskazini vilima vilivyolowa viliporomoka juu ya nyumba za watu waliolala. Zaidi ya watu 130 walikufa usiku huo. Shangazi alitoka na watoto wake wakiwa na nguo za kulalia, wakasimama gizani mpaka kukapambazuka. Kuta za nyumba zilikuwa za matofali mabichi, asubuhi hazikuwapo.

Nilipomwuliza kuhusu Aprili hakunikataza. Alinieleza tu jinsi kilima kinavyofanya kazi. Mvua ya kwanza ya Machi, alisema, hunywewa na udongo. Ya pili pia. Kufikia mwisho wa Aprili udongo umeshiba, na kila tone linalofuata halina pa kwenda. Kwa hiyo hatari ya msimu wa mvua haiko mwanzoni, wakati watu wanashtuka kuona mvua. Iko mwishoni, wakati wamekwisha kuizoea. Sijasoma katika kitabu chochote maelezo mafupi na sahihi kama hayo.

Nikaona Bibi ana haki, na kwamba sababu yake ni mvua. Nilikosea.

Mwezi wa Machi nilikwenda kumtembelea. Nilimwambia kwamba tumeacha wazo la Aprili, na kwamba sasa nataka kujua babu yangu, aliyekuwa mfanyabiashara mdogo mwenye baiskeli, alisafiri wakati gani. Babu simjui. Alibeba sukari, sabuni na mafuta kutoka mjini Gisenyi, kama Rubavu ilivyoitwa wakati ule, akivipeleka kwenye maduka ya vilimani, na alirudi na maharage au ndizi kwenye keria. Bibi aliingia ndani akaniletea daftari.

Ni daftari la hesabu. Babu alianza kuliandika mwaka 1983. Kila safari ina mstari wake: tarehe, mzigo, mteja, deni, na mwishoni neno moja au mawili kuhusu barabara. Nilikaa nalo jioni nzima, nikahesabu kama tulivyofundishwa kuhesabu katika somo la historia. Mistari ya Juni na Julai inajaza kurasa. Agosti pia ina mistari mingi, ingawa mara kwa mara ameandika vumbi, na mara mbili amenunua matairi mapya. Aprili huwa na mistari mitatu au minne, na mwishoni mwake neno ni moja: matope. Mwaka mmoja aliandika kwamba alibeba baiskeli begani kuliko ilivyombeba yeye.

Mstari wa mwisho ni wa Jumamosi, tarehe 2 Aprili 1994. Kesho yake ilikuwa Pasaka. Alipeleka sukari na mafuta kwa mteja wa kilima cha jirani, akakuta barabara imeharibika, akaiacha baiskeli nyumbani kwa mteja huyo mpaka njia ikauke. Ameandika kwamba ataifuata wiki inayofuata.

Wiki iliyofuata ndiyo iliyoanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Babu aliuawa mwezi huo. Bibi, mama yangu aliyekuwa na miaka 9, na shangazi walinusurika. Baada ya mstari ule kurasa ni tupu.

Nilimrudishia Bibi daftari. Alilifunga, akasema tena, kwa sauti ya kawaida, kwamba Aprili si mwezi wa kutembea. Safari hii nilimwelewa. Kila mwaka tarehe 7 Aprili nchi yetu huanza wiki ya maombolezo, na kumbukumbu, tunayoiita Kwibuka, huendelea kwa siku 100 hadi Julai. Mwaka 2024 ulikuwa wa 30 tangu mauaji yale. Nilikuwa nimekua ndani ya kalenda hiyo tangu utotoni, nimewasha mishumaa shuleni kila mwaka, lakini nilipopanga likizo niliangalia mvua tu. Nilikuwa tayari kupita mbele ya nyumba ya bibi yangu, katika wiki ile, nimevaa kofia ya baiskeli, nikicheka na rafiki yangu.

Basi tukachagua Juni, na tulichagua kwa sababu za aina tatu. Sababu za anga: mvua kubwa zimekwisha, na vumbi na moshi wa Julai na Agosti bado havijaficha milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Sababu za ardhi: udongo mwekundu umekauka kiasi cha kutoganda kwenye madigadi na breki, lakini haujawa unga wa kuteleza kwenye kona. Tena vilima bado vina rangi ya kijani na watu wanavuna maharage, kwa hiyo chakula cha njiani kipo. Sababu za watu: mitihani imekwisha, na wiki ya maombolezo imepita. Bado tungekuwa ndani ya zile siku 100, na tulijua kwamba si safari ya kelele.

Tuliondoka Rubavu Jumatatu, tarehe 10 Juni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tuliweka kanuni moja: kupanda milima kabla ya saa tano na kuwa chini ya paa kabla ya saa tisa. Siku ya kwanza rafiki yangu aliiona kanuni hiyo kuwa ya wazee. Siku ya pili, karibu na kituo cha kuoshea kahawa cha Kinunu, wingu lilitoka nyuma ya mlima saa nane, wakati anga juu ya ziwa ni la buluu. Tulikimbilia chini ya paa la kituo. Mbele yetu wafanyakazi walikuwa wakikimbia kati ya meza ndefu za kuanikia kahawa, wakizifunika kwa plastiki kwa mpangilio, mmoja huku na mwingine kule, bila kuambiana neno. Kwa dakika arobaini ilinyesha kama Aprili. Kisha jua likatoka, plastiki zikakunjwa, na mama mmoja akatuuliza kama tulidhani kwamba icyi ni ahadi. Rafiki yangu hakuibishia kanuni tena.

Tulilala kwa Bibi usiku mmoja. Alikuja barabarani kutupokea. Hakusema lolote kuhusu safari. Aliishika baiskeli yangu, akaibonyeza breki ya mbele, kisha ya nyuma, akainama kutazama matairi, kama mtu aliyewahi kufanya hivyo mara nyingi kabla mtu hajaondoka.

Kutoka Karongi tulitumia siku moja zaidi kupanda hadi Bisesero, mara nyingi tukisukuma baiskeli. Kwenye vilima hivyo Watutsi waliokimbilia huko walijitetea kwa mawe na mikuki kuanzia Aprili hadi Juni 1994, na wengi mno kati yao waliuawa. Tulizima simu, tukapanda ngazi za makumbusho polepole, tukashuka bila kuzungumza. Kama tungekuja Aprili barabara ile isingepitika kwa baiskeli zetu. Wale waliokimbia mwaka 1994 waliikimbia katika mvua. Sikuwa nimeliwaza jambo hilo kabla ya siku ile, na nimesoma somo la historia kwa miaka mingi.

Siku zilizobaki tulipita Mugonero na Kibogora, tukafika Kamembe, Rusizi, siku ya saba. Pancha zilikuwa tatu na cheni ilikatika mara moja. Kutoka kilimani rafiki yangu alinionyesha Bukavu ng'ambo ya maji, mtaa kwa mtaa. Nami nilimweleza kwamba karibu na hapo waliishi wafalme wa mvua wa Bukunzi, akasema laiti wangekuwapo tungewaomba watuzuilie ile ya Kinunu.

Mtu akiniuliza leo aende lini, namjibu hivi. Kama unataka milima ya kijani na anga safi, nenda wiki tatu za kwanza za Juni. Kama unaogopa mvua kabisa, nenda Julai, ukubali vumbi. Januari na mwanzo wa Februari panafaa pia, ila siku huwa na mshangao zaidi. Novemba ni ya mwenye subira na tairi pana. Wakati wowote utakaochagua, panda asubuhi, na ukiwa mahali usipopajua muulize mkulima, si simu yako. Mwisho, kabla ya kununua tiketi, uliza wenyeji mwezi huo ni wa nini kwao. Hali ya hewa ya mahali imeandikwa katika majedwali ya mvua. Hayo mengine yamo kwenye madaftari ya watu, na hutayaona mpaka uulize.

Niliporudi Kigali nilimpigia Bibi kumwambia kwamba tumefika salama. Hakuniuliza kama tulifurahi. Aliniuliza, "Barabara ilikuwaje?" Nikamwambia ilikuwa kavu, ila siku moja. Akaniomba tarehe ya siku hiyo, na nikasikia anatafuta kalamu.